Chumba Kwanza: Wazee na Muziki wa Chumbani Fordsburg



Nina hoja moja leo. Wazee wengi wanaoacha kupiga muziki hawashindwi na vidole. Wanakosa wenzao wa kupiga nao. Nitaitetea hoja hii kwa kuutazama mtaa wa Fordsburg, magharibi ya katikati ya Johannesburg.

Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa makazi kwa rangi iliipa serikali ya ubaguzi uwezo wa kuamua nani akae wapi. Jirani na Fordsburg ulikuwapo mtaa wa Pageview, ambao wenyeji wanauita Fietas. Sehemu yake kubwa ilivunjwa. Familia nyingi za Wahindi zilipelekwa Lenasia, kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini, na wenye maduka wa Barabara ya 14 wakahamishiwa jengo la biashara la Oriental Plaza, Fordsburg, katika miaka ya 1970. Hasara ya nyumba na maduka ilionekana kwa macho. Hasara ya jioni haikuandikwa katika daftari lolote. Watu wanne wanaokaa mtaa mmoja hukutana baada ya chakula bila kupanga; ukiwatenga kwa kilomita 30, kila kukutana kunadai gari, petroli na mtu wa kuwarudisha.

Muziki wa chumbani ni muziki wa jioni kama hizo, nao hauna kondakta. Ni watu wachache, kila mmoja na sehemu yake. Mwaka 1781 mtunzi Joseph Haydn aliwaandikia barua wapenzi wa muziki akiwauzia nakala za mkono za kwateti zake sita, yaani vipande vya wapigaji wanne, kwa kuwa alijua wapo watu wanaopiga majumbani mwao. Kwetu pwani, kundi la taarab la Ikhwani Safaa lilianzishwa Unguja mwaka 1905 likiwa klabu ya wanachama, na kidumbak, muziki wa dansi wa huko, hadi leo hutosheka na fidla, sanduku, ngoma mbili ndogo na vyombo vichache vya kugonga.

Sasa tuingie chumbani. Karatasi ya mpiga viola ina sehemu ya viola peke yake. Akipotea, hana pa kuchungulia. Anainua upinde, anasikiliza, na mwenye chelo anaita bila kuacha kupiga: “Herufi C!” Wote wanafika penye alama hiyo katika noti, naye anaingia tena. Hakuna aliyesimamisha muziki, wala aliyeaibishwa.

Uzee unaleta kazi zake. Sikio hupoteza kwanza sauti za juu, kwa hiyo viti vinasogezwa hadi kila mtu aone upinde wa mwenzake. Jicho hushika pale sikio linapoacha. Noti hukuzwa, taa huletwa karibu, viti huwa visivyo na mikono ili kiwiko kipite. Majira ya baridi Johannesburg ni makavu: mbao za ala hunywea, vigingi huteleza, na robo saa nzima huishia katika kulinganisha nyuzi. Hapo ndipo habari za wajukuu na dawa za presha zinapozungumzwa.

Wapo watakaouliza: na ubora je? Swali ni halali. Wengi hudhani mzee apewe vipande vya pole pole, na hapo wanakosea. Katika mwendo wa taratibu upinde ukitetemeka kila mtu anasikia. Minueti ya mwendo wa wastani humfaa zaidi, kwani mapigo ya dansi yanambeba. Mwalimu anayejua hilo atawasaidia wazee kupiga vizuri zaidi, na wao wanataka kupiga vizuri. Kuburudishwa tu hawakuomba.

Pendekezo langu ni jepesi kutekeleza. Vyuo vikuu vya Witwatersrand na Johannesburg haviko mbali na Fordsburg. Kimoja kitenge chumba kimoja, asubuhi moja kila wiki, kwa kuwa wazee wengi hawapendi kuendesha gari usiku. Kiwe ghorofa ya chini, choo kiwe karibu, na basi dogo litoke Lenasia. Kisha tuwaachie wenyewe ufunguo, uchaguzi wa vipande na zamu ya chai. Tukiwapangia kila kitu, tutakuwa tumeanzisha darasa, na wengi wao walishamaliza shule. Sheria ndiyo iliyowatawanya majirani hawa. Taasisi za umma zina wajibu wa kugharamia safari ya kuwakutanisha.