Kiti cha Bunge ni Amana ya Wananchi

(Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Kibera na Kawangware)



Tumekusanyika kuulizana swali moja: mbunge ni mtumishi wa nani?

Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991, njia ya vyama vingi ilifunguka. Tarehe 29 Desemba 1992 tulipiga kura, na Raila Odinga akachaguliwa kuiwakilisha Lang'ata, ambamo Kibera ilikuwamo. Alikikalia kiti hicho hadi 2013. Wengi wetu tuliamini kwamba vyama vikiongezeka, utumishi nao utabadilika wenyewe. Miaka imetufundisha kwamba vyama vingi ni mlango tu. Kuitengeneza nyumba ni kazi yetu.

Hebu tuutazame utumishi wa mbunge mmoja. Ken Okoth alizaliwa Kibera mwaka 1978, akalelewa katika umaskini tunaoujua. Masomo yalimfikisha Starehe, kisha vyuo vikuu vya St. Lawrence na Georgetown huko Marekani, akawa mwalimu. Mwaka 2013, eneo la Kibra lilipomegwa kutoka Lang'ata, wananchi walimtuma Bungeni, wakamrudisha 2017. Aliitanguliza elimu, akielekeza fedha za eneo kwenye shule na karo za wanafunzi. Saratani ilimchukua tarehe 26 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 41. Waliomlilia hawakuwa wa chama kimoja.

Hata hivyo tuseme wazi, bila kumpunguzia marehemu heshima: fedha zile hazikuwa zake. Sheria ya 2003 iliyoanzisha mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge iliutengea angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Hayo ni mapato ya kodi, naye mama mboga wa Kawangware huilipa kila anunuapo sabuni. Sifa ya mtumishi mwema ni kutufikishia kilicho chetu.

Uingereza, ambako Bunge letu lilirithi taratibu nyingi, mbunge hana mfuko wa namna hii. Huketi na wapiga kura wake, husikiliza shida zao mmoja mmoja, kisha humwandikia waziri na kumhoji Bungeni. Kwetu, kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kinalikabidhi Bunge la Taifa kutunga sheria, kugawa mapato na kuchunguza matumizi yake. Basi mbunge akionekana kuwa ndiye mgawaji wa karo, ni nani atakayemchunguza? Mzazi huanza kupiga magoti kwa ajili ya haki yake. Mwenye kutaka kukosoa hunyamaza, akihofu mwanawe atanyimwa.

Kawangware ina jaribu jingine. Tangu 2013 imo katika Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kileleshwa na Kilimani. Mbunge mmoja huwawakilisha wenye maghorofa na wenye vyumba vya mabati. Wa mabati wakinyamaza, sauti itakayomfikia ni ya ghorofani peke yake.

Kwa hiyo tunawasihi mambo matatu. Kwanza, tudai orodha ya miradi na gharama zake ibandikwe mahali pa wazi, nasi tukaikague miradi yenyewe kwa macho yetu. Pili, makanisa yasimpe mwanasiasa yeyote mimbari ya kuitangaza kodi yetu kuwa sadaka yake. Tatu, kila mbunge tumuulize: ulipiga kura vipi kuhusu kodi, ardhi na hospitali? Mwenye kujibu kwa noti za mia mbili hajajibu.

Aliyetumwa huulizwa na waliomtuma. Tusipouliza, tutakuwa tumebadilisha majina ya mabwana tu.