Uteuzi wa Miti ya Njiani: Makoongwe Iwe Kipimo



Kila masika yanapokaribia, ofisi nyingi hupokea barua ya kuhimiza upandaji wa miti, na kila ofisi huijibu kwa idadi. Hutajwa miche iliyopandwa, hutajwa barabara iliyopandwa, na hutajwa viongozi waliohudhuria. Jambo ambalo barua hizo ni nadra kulieleza ni miti gani iliyopandwa, na kwa nini hiyo na si mingine. Mche hutolewa kitaluni kwa kuwa upo, wala si kwa kuwa unafaa. Ndiyo maana mti uliopandwa kwa shangwe na ngoma hukatwa baada ya miaka kumi na tano, kwa sababu umepasua ukuta wa shule, au umeziba mtaro, au umefika kwenye nyaya za umeme.

Mazungumzo haya yanahusu uteuzi huo, na kipimo chake ni kisiwa cha Makoongwe, mkabala na mji wa Mkoani, Pemba. Huenda mtu akauliza kwa nini habari ya miti ya barabara za mjini ipimwe kwa kisiwa kidogo ambacho mtu hukifikia kwa chombo. Jibu ni kwamba katika kisiwa kidogo kosa halina pa kujificha. Mjini, mti usiofaa hung'olewa na mwingine huletwa kwa gari, na hasara huingizwa katika hesabu za mwaka. Katika kisiwa, mti mmoja ulio mahali pasipofaa waweza kuharibu kisima, kuziba njia ya pekee ya kwenda pwani, na kuzusha ugomvi kati ya nyumba mbili kwa muda wa vizazi viwili. Mtu akijua kuuchagulia mti njia ya Makoongwe, hatashindwa na barabara ya Mkoani, ya Chake Chake wala ya Wete.

La kwanza la kutazamwa ni chumvi. Kusi inapovuma, upepo hubeba manyunyu ya bahari na kuyatua juu ya majani, na mti usiozoea huanza kukauka kwenye ncha kama uliopitiwa na moto. Chini ya ardhi nako hakuko salama. Katika visiwa vidogo maji matamu ya visima hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi, na tabaka lake huwa jembamba. Katika Kisiwa Panza, kilicho pia katika wilaya ya Mkoani, maji ya bahari yameingia katika mashamba na kuharibu ardhi iliyokuwa ikilimwa. Kwa hiyo si jambo la busara kupanda mkaratusi karibu na kisima, ingawa mche wake ni rahisi kupatikana na hukua upesi. Mti huo hunywa maji mengi, nao hauwezi kuambiwa unywe ya chumvi uwaachie watu matamu.

Mvinje huivumilia chumvi kuliko miti mingi. Ushahidi mkubwa wa jambo hili katika mwambao wa Afrika Mashariki ni machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali juu ya mwamba mtupu uliobaki baada ya mawe kuchimbwa, mahali ambapo maji ya chini yalikuwa na chumvi. Mivinje ilikuwa miongoni mwa michache iliyostahimili, na chini yake udongo ukaanza kujijenga. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoitia ardhi rutuba ya naitrojeni. Basi upande wa ufuo, panapopiga upepo, mvinje una haki yake, na nguzo zake za kujengea zinajulikana na kila fundi. Lakini mvinje si mti wa kivuli. Jua hupenya kati ya majani yake membamba, na majani hayo yakidondoka hutandaza zulia ambalo majani mengine huotea kwa taabu. Anayeupanda mbele ya zahanati akitumaini wagonjwa watapumzika chini yake amekosea mahali.

Mwarobaini umepata sifa nyingi, na nyingi ni za haki. Huvumilia ukame, huhimili ardhi ya mawe, una kivuli kizuri, na hakuna nyumba ya mwambao isiyojua matumizi ya majani yake. Sifa hizo hizo ndizo zinazodai tahadhari. Ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, na katika pwani ya Kenya mti huu wenye asili ya Bara Hindi umeingia katika vichaka vya ardhi ya matumbawe na kuisonga miti ya kienyeji. Mwarobaini mmoja penye soko ni neema. Kuujaza kisiwa kizima ni jambo jingine kabisa, na tena mti huo hauipendi ardhi inayotuama maji.

Mkrismasi, ulioletwa kutoka Madagaska, huwavutia watu kwa maua yake mekundu ya mwisho wa mwaka. Uzuri huo haukanushiki. Hata hivyo mizizi yake hutambaa juu juu, huinua sakafu na kupasua mitaro, na matawi yake hukatika kwa urahisi katika upepo. Upandwe uwanjani penye nafasi, mbali na ukuta na mbali na njia ya watoto. Mjohoro nao hukua upesi na kutoa kuni nzuri, kwa hiyo wafaa zaidi kwa shamba la kuni la shule kuliko kwa mstari wa barabara. Mwashoki umekuwa fasheni katika nyua za ofisi, kwa kuwa husimama wima kama askari na haumsumbui jirani. Ni kweli haumsumbui, lakini haumfunikii jua pia. Mtu hawezi kukaa chini ya mwashoki saa saba mchana akamsubiri karani.

Mnazi wastahili maneno machache tu. Ni mti wa heshima, na kisiwa bila mnazi hakijulikani kuwa kisiwa, lakini nazi ikianguka kutoka juu haichagui kichwa. Usipandwe juu ya njia wala juu ya uwanja wa shule. Vivyo hivyo mfenesi.

Mwembe ni mjadala mrefu zaidi. Huko Bungi, Unguja, mistari ya miembe inayonasibishwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said bin Sultan, ilitia kivuli barabara kwa zaidi ya karne moja. Hakuna aliyepita hapo kwa miguu akalalamikia uteuzi huo. Lakini mwembe huo ulipandwa katika ardhi yenye kina, na ulipewa nafasi. Mwembe hautaki ubahili wa ardhi: mita kumi kati ya mti na mti ni kiasi kidogo, na mita sita kutoka ukutani ni adabu ya lazima. Katika njia nyembamba ya Makoongwe mwembe wafaa mwisho wa njia, penye uwanja, si ubavuni mwa nyumba. Na matunda yake hayataliwa na binadamu peke yao. Popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani, alikaribia kutoweka mnamo mwaka 1989 kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti, kisha akaongezeka tena baada ya wanakijiji, kama wale wa Kidike, kuamua kumlinda. Popo huyo huzisambaza mbegu za miti ya msitu. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi habari hiyo, embe iliyoguguniwa haitakuwa sababu ya kukata mti.

Miti miwili yafaa kutajwa kwa msisitizo, kwa kuwa yote miwili ni ya mwambao, na mmoja wake umesahauliwa. Ule usiosahauliwa ni mkungu. Matawi yake hutanda kwa tabaka kama sakafu za ghorofa, huvumilia chumvi na mchanga, na watoto huzipenda kungu zake. Taabu yake ni majani. Ni mapana, hugeuka mekundu, kisha humwagika yote kwa muda mfupi. Panapo mtu wa kufagia, mkungu ni mti bora. Pasipo mtu huyo, mtaro utaziba katika mvua ya kwanza.

Uliosahauliwa ni mtondoo. Wazee wa pwani waliujua kwa mbao zake ngumu za kuundia vyombo na kwa mafuta ya mbegu zake. Huota mchangani, huvumilia manyunyu ya bahari, na majani yake mazito yanayong'aa hutoa kivuli kizito mwaka mzima. Mbona basi haumo katika vitalu vingi? Kwa sababu hukua polepole. Ofisa anayetakiwa kupeleka taarifa mwisho wa mwaka hapendi mti ambao mwaka wa tatu bado haumfikii kifuani. Hapa ndipo penye kiini cha shida. Mti wa barabarani hutazamiwa kuishi miaka themanini au mia moja, lakini huchaguliwa kwa kipimo cha taarifa ya miezi kumi na miwili.

Singapore ni kisiwa pia. Kampeni yake ya kupanda miti ilianza mwaka 1963, na katika miaka iliyofuata ilitumia sana mti uitwao angsana, kwa sababu hata tawi kubwa likichomekwa ardhini huota na kutoa kivuli baada ya muda mfupi. Baadaye matawi yake yalionekana kuvunjika katika dhoruba, maradhi yakaingia, na wataalamu wakageukia mchanganyiko wa miti mingine. Nchini Uingereza mti wa elm ulijaa kandokando ya mashamba na njia. Ugonjwa wa ukungu unaobebwa na mdudu ulienea katika miaka ya 1970, ukaua mamilioni ya miti hiyo. Zanzibar nayo ina somo lake lililo la zamani kuliko hayo. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba ikanusurika. Mali ya nchi ilikuwa imewekwa katika mti wa aina moja. Kwa hiyo njia moja isipandwe mti mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama mti huo ni mtondoo.

Lipo jambo ambalo vitabu vya misitu hulipita upesi, nalo Pemba haliwezi kupitwa: mti ni wa nani? Kwa desturi ya visiwa hivi, mti unaweza kuwa mali ya mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa ya Serikali, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu, lakini fikra ya kwamba mti una mwenyewe haikuondoka. Mwembe uliopandwa na shule mbele ya nyumba ya mtu, akaumwagilia mwenye nyumba kwa miaka minane, ukizaa utakuwa wa nani? Barabara ikipanuliwa, fidia ataipokea nani? Pasipo jibu, mwenye nyumba huona afadhali kuuacha mche ufe kuliko kulea mgogoro. Ofisi ya sheha yaweza kuandika siku ile ile ya kupanda: mti huu ni wa umma, kivuli ni cha wote, matunda ni ya fulani anayeutunza. Mistari mitatu katika daftari yatosha.

Nyaya nazo zisisahauliwe. Tangu mwaka 2010, Pemba ilipounganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari, nguzo zimeongezeka barabarani. Chini ya nyaya ipandwe miti mifupi, kama mpera au mstafeli, na miti mikubwa iwekwe upande wa pili wa barabara. Mafundi wa umeme wakilazimika kuukata mti kila mwaka, hubaki kigogo chenye vidonda, kisicho kivuli wala nguzo.

Kuhusu majira, Tanzania Bara iliihamisha siku ya taifa ya kupanda miti kutoka Januari mosi hadi Aprili mosi, kwa sababu Januari ni kiangazi katika sehemu nyingi na miche mingi ilikuwa ikifa. Pemba ina masika na ina vuli. Mche uliopandwa mwanzo wa masika hupata miezi ya kushika ardhi kabla ya jua kali. Unaopandwa vuli utahitaji ndoo ya maji wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, ambapo visima hupungua na shule zimo likizoni kwa sehemu ya muda huo.

Basi kazi ya shule huanza mwaka mmoja kabla. Wanafunzi waokote tondoo na kungu zilizodondoka, wazipande vitaluni chini ya kivuli cha makuti, wazitunze mpaka miche ifike urefu wa goti au zaidi. Mashimo yachimbwe mapema, kina cha sentimita sitini, yajazwe udongo uliochanganywa na samadi. Kila mche uwekewe uzio wa fito, kwa maana mbuzi hasomi bango. Na jina la mwanafunzi anayeulea liandikwe katika daftari la darasa pamoja na jina la yule atakayeupokea mwenzake akimaliza shule, maana mtondoo utakuwa bado mdogo siku hiyo.