MITARO HUZIBULIWA WAKATI WA KASKAZI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Mjini na Ng'ambo



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo wakubwa hulihisabu kuwa dogo, nalo ni usafi wa njia zetu na mitaro ya maji ya mvua. Sitaomba radhi kwa udogo wake. Mtu huweza kukaa miaka mitano asiuone uso wa Waziri, lakini hawezi kukaa hata siku moja asikanyage njia iliyo mbele ya mlango wake. Na katika njia hiyo ndipo anapoijua Serikali yake kuwa ni ya kazi au ni ya maneno.

Mji wetu haukujengwa juu ya kilima. Upande wa magharibi una bahari, na upande wa mashariki zamani uliingia mkono wa bahari ukazunguka nyuma ya nyumba za mawe, ukautenga Mji na ng'ambo yake. Jina la Ng'ambo, na jina la Darajani, hayakutoka kwengine ila katika maji yale na daraja lililokuwa juu yake. Katika karne ya ishirini mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, na leo juu yake pana viwanja, soko na barabara. Sisemi kuwa kuufukia kulikuwa kosa, kwani pwani ile ilinuka, na wazee waliokaa karibu nayo hawakuililia sana. Nasema tu kwamba mvua haikupewa khabari. Maji yateremkayo kutoka Ng'ambo hutafuta mahala pa chini kama yalivyofanya siku zote, na kazi iliyokuwa ikifanywa na mkono mzima wa bahari sasa imeachiwa mitaro.

Kuna na jambo la pili, ambalo kila mvuvi hapa analijua kuliko mhandisi. Mwezi unapoandama, na mwezi unapokuwa mpevu, huja maji ya bamvua, na tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hufikia kiasi cha mita nne. Saa hizo za kujaa, midomo ya mitaro iliyo chini pwani huzibwa na bahari yenyewe. Ikinyesha mvua kubwa katika saa kama hizo, maji ya mji hayana pa kwenda. Hayana budi kungoja ndani ya mitaro mpaka bahari irudi nyuma. Mtaro mtupu huyapokea na kuyahifadhi. Mtaro uliojaa mchanga, makumbi na chupa za plastiki hadi nusu yake hupokea nusu tu, na nusu iliyobaki huingia katika nyumba za watu, na haiingii peke yake, bali huja na yale yaliyomo katika mashimo ya vyoo.

Hapo ndipo udogo wa jambo hili unapokwisha. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu katika kisiwa hiki, na Daktari James Christie, aliyekuwapo hapa na kuwatibu, aliandika kitabu kizima juu yake kilichotoka mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyeshika utawala mwaka 1870, ndiye aliyeleta maji ya mferejini kutoka chemchemi za Chem Chem hadi mjini. Basi haya si maarifa mapya. Hata hivyo mwaka 2015 na 2016 ugonjwa ule ule ulirudi, na katika masika ya 2016 wauzaji wa vyakula vya njiani walikatazwa kuuza. Muuza urojo akafungiwa chungu chake. Pengine ilikuwa lazima. Sibishani na madaktari. Lakini na tuulize: ni nani aliyefungiwa kwa sababu ya mitaro? Sikusikia kuwa kuna ofisi yoyote iliyofungwa siku hata moja.

Msidhani nasema hakuna lililofanywa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2011, mitaro mikubwa ilijengwa Ng'ambo, na ukuta wa bahari ulijengwa Mizingani, na mwenye macho hawezi kukanusha kuwa kazi ile ina faida. Lakini mkopo hujenga mtaro mara moja, na mchanga huingia kila siku. Hakuna mkopo duniani unaonunua beleshi la mwaka ujao. Hiyo ni kazi ya Baraza la Manispaa, kwa ada na kodi tunazotoa, nayo ina majira yake kama ulivyo na majira upandaji wa mpunga. Masika huanza mwezi wa Machi, na vuli mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo mitaro huzibuliwa Januari na Februari, kaskazi ingali ikivuma na tope ni kavu na jepesi, kisha tena Septemba. Anayezibua mwezi wa Aprili anachota uji kwa karai.

Na namna ya kuzibua ina elimu yake. Mara nyingi tope hutolewa likawekwa ukingoni mwa mtaro ule ule, likangoja gari. Gari lisipokuja, mvua ya kwanza hulirudisha ndani, na fedha ya kazi imekwisha kulipwa. Mfagiaji naye, akiwa hana mkokoteni wala karai, huusukuma mchanga kwa ufagio wa chelewa hadi kwenye tundu la mtaro, na njia ikaonekana safi. Simlaumu yeye. Mpeni mkokoteni, mabuti na glavu, mumlipe kwa wakati, kisha ndipo mumuulize. Nao watengenezaji wa njia humwaga tabaka jipya juu ya la zamani bila ya kulichimbua, mwaka hadi mwaka, mpaka kizingiti cha nyumba kikawa chini ya njia. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kutoka chini. Maji hupanda ukutani, boriti za mikoko huoza ncha zilizomo ukutani, na siku dari inapoanguka husemwa kuwa nyumba ilikuwa kuukuu.

Wako watakaosema kuwa dawa ni siku moja kubwa ya usafi. Tarehe 9 Disemba 2015, Rais Magufuli aliifanya sikukuu ya Uhuru wa Tanganyika kuwa siku ya kufagia, na yeye mwenyewe alishika ufagio Dar es Salaam. Ulikuwa mfano mzuri. Lakini siku moja haiwezi kubeba kazi ya siku mia tatu, na mkubwa aliyepigwa picha na ufagio hatuna njia ya kumuuliza kesho yake kama tope limechukuliwa.

Nasi wenyewe tusijitoe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, kabla ya Bara iliyofanya hivyo mwaka 2019, lakini chupa na maganda yatupwayo usiku katika mtaro hayatupwi na Manispaa. Mwenye kutupa taka mtaroni mbele ya nyumba ya jirani hana uso wa kusimama katika mkutano huu.

Tunalotaka halihitaji mradi. Ratiba ya kuzibua ibandikwe mlangoni pa kila sheha, mtaa kwa mtaa, na tarehe zake. Tope lichukuliwe siku ile ile lilipotolewa. Na diwani, ambaye huchaguliwa na si kuteuliwa, ajibu mbele ya watu wa wadi yake kabla ya masika, wala si baada yake.

Kwa upande wetu, kila tawi lichague watu wawili, waende kuitazama mitaro ya mtaa wao wakati wa maji kupwa, midomo yake inapokuwa wazi. Wasiandike kuwa mtaro ni mchafu, kwani hilo litajibiwa kwa maneno matupu. Waandike jina la njia, mtaro umezibwa na nini, urefu wa hatua ngapi na kina cha shubiri ngapi, na tarehe waliyouona. Karatasi hizo zimfikie Katibu kabla ya Februari kwisha, zipelekwe Manispaa kwa mkono, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa irudishwe tawini.