SARL: deni lisifike mpaka nyumbani

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu, wengi wetu tulirudi toka kambi za Tanzania na vitu kidogo tu: mabati, cherehani. Tukiuza mawese kwa majina yetu wenyewe na biashara ianguke, mwenye kudai anafika mpaka kwenye mabati yale. Ndani ya SARL tunapoteza tu ile tuliyoweka. Tangu 2012 Congo iko katika OHADA, na sheria yake inakubali hata mtu mmoja peke yake aanzishe. Tunaandika statuti, tunachagua msimamizi, tunapitia Guichet Unique, tunapata namba ya RCCM. Lakini tuangalie sana: banki ikitusainisha kama wadhamini wa kampuni, ukuta ule umeanguka. Wafadhili, pamoja na mtaji, mtusaidie pia kulipa makaratasi.