Wanawake katika Sayansi: Ubaguzi Usioonekana Mlangoni



Iko imani iliyozoeleka kwamba mwanamke akiisha kupata shahada na kuajiriwa chuo kikuu, vikwazo vyote vimekwisha. Kilichobaki ni juhudi yake mwenyewe. Yaliyotokea katika chuo cha teknolojia cha MIT, huko Massachusetts, Marekani, yanaivunja imani hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Profesa Nancy Hopkins, bingwa wa biolojia, alihitaji nafasi zaidi ya kuweka matangi ya samaki wadogo wa utafiti wake. Aliomba, akanyimwa. Aliposema kwamba nafasi yake ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake, hakuaminiwa. Basi alichukua futi kamba, akapima maabara moja baada ya nyingine, na ikadhihirika kwamba hata wanaume waliokuwa chini yake kwa cheo walimzidi. Wanasayansi hujisifu kwamba huamini vipimo tu. Ajabu ni kwamba vipimo hivyo navyo havikumsaidia mara moja.

Mwaka 1994 aliwaendea wanawake wenzake. Kuwatafuta hakukuwa kazi kubwa: katika idara sita za Kitivo cha Sayansi, maprofesa wanawake wenye ajira ya kudumu walikuwa 15 tu, ilhali wanaume walikaribia 200. Wengi wao walikuwa wamedhani kwamba shida ile ni ya mtu mmoja mmoja. Kwa pamoja walipeleka shauri lao kwa Mkuu wa Kitivo, Robert Birgeneau, naye akakubali kamati iundwe.

Taarifa iliyotangazwa mwaka 1999 ilionyesha tofauti katika mishahara, nafasi za maabara, tuzo na fedha za kazi. Lakini lililo zito zaidi ni hili. Wanawake vijana walisema kwamba hawaoni ubaguzi. Waliuhesabu kuwa mambo ya kizazi kilichopita. Wale wakubwa nao walikumbuka kwamba walipokuwa vijana waliamini vivyo hivyo. Hapakuwa na kanuni yoyote iliyowabagua. Palikuwa na maamuzi madogo madogo, ya mwaka hadi mwaka, yaliyofanywa na watu waliojiona waadilifu kabisa, na kila mwanamke alivyopanda cheo ndivyo alivyozidi kusukumwa pembeni.

Rais wa chuo, Charles Vest, alikiri hadharani kwamba katika malalamiko hayo ukweli ulizidi hisia kwa mbali. Mishahara ikarekebishwa, nafasi zikaongezwa, na wanawake zaidi wakaajiriwa. Taarifa nyingine, ya mwaka 2011, ilieleza kwamba idadi yao katika sayansi na uhandisi ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya awali. Hata hivyo taarifa hiyo hiyo ilitaja kero mpya: wapo waliodhani kwamba wanawake hao waliingia kwa kulegezewa masharti, ingawa tuzo na heshima za kitaaluma walizokuwa wamepata zilishuhudia vingine.