Kusema Si Kusikiwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vijiji, Kasongo)



Ninyi ndio mnaobeba habari kutoka mjini mpaka vijijini. Kwa hiyo leo nina jambo moja tu: namna ya kusema na watu wetu wote, asibaki hata mmoja nje ya mazungumzo.

Zamani za Bula Matari amri zilitoka kwa Kifaransa. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru, lakini Kifaransa hakikuondoka kitini. Katiba ya mwaka 2006 yasema Kifaransa ni lugha ya serikali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa, tena serikali itazikuza bila ubaguzi. Maneno mazuri. Lakini mama wa kijijini akipewa karatasi ya Kifaransa, sharti atafute mtoto wa shule amsomee. Mtoto akikosea, hasara ni ya mama.

Msifurahi upesi mkisema, “Sisi twasema Kiswahili, hatuna kosa.” Kiswahili kilifika huku na misafara ya wafanya biashara, akina Tippu Tip, katika karne ya 19. Kasongo ukawa mji wao mkubwa, hata Wabelgiji walipouteka mwaka 1893. Pamoja na lugha yalikuja maneno mawili: muungwana na mshenzi. Muungwana ni wa mjini, mwenye kanzu na Kiswahili. Mshenzi ni wa porini. Misafara ile imekwisha, watumwa wale hawauzwi tena. Mbona dharau yake tumeiweka akiba?

Mtu wa Kabambare akisema Kiswahili chenye ladha ya Kibangubangu, kuna wanaocheka. Aliyechekwa mara moja hasimami tena kuuliza. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Basi, ndugu, tufanye hivi.

Kwanza, kabla ya mkutano tuulize ni nani watakaokuja. Kama wako wasiosikia Kiswahili vizuri, tutafute mkalimani wa kwao, mtu mzima anayeaminika, naye apewe nafasi ya kumaliza maneno yake.

Pili, tusiulize, “Mmesikia?” Wote watajibu ndiyo, kwa heshima au kwa haya. Tuseme, “Mama, tueleze ulivyosikia.” Hapo ndipo tutajua kama siku ya chanjo imefahamika, ama bei, ama kodi.

Tatu, mtu asitie kidole wino juu ya karatasi ya shamba kabla haijasomwa yote kwa lugha anayoijua.

Nne, akina mama wasikae nyuma kabisa, mahali ambapo sauti haifiki. Wao ndio walimaji na wauguzi wa watoto. Habari isiyowafika haijafika kijijini.

Tano, tusibebe maneno ya kwenda tu, tubebe na ya kurudi. Mgenia anaijua Lualaba, mahali penye mawe na majira ya maji kujaa. Tusipomwacha aseme kwa lugha yake, elimu hiyo tutaikosa sisi, si yeye.

Ndugu zangu, nendeni mkaseme. Mkiisha kusema, nyamazeni, msikilize.