Ekzosi ya Injini Ndogo: Pima Kabla ya Kukata

Somo hili ni lenu ninyi mliokaa darasani Soweto, hapa Moshi mjini, na ninyi wa huko juu Kibosho, Old Moshi na Marangu. Karatasi hii mmegawiwa ili mfuate kwa macho yale mliyoyasikia kwa masikio. Chukueni penseli, maana leo iko hesabu.

Somo letu ni bomba la moshi la injini ndogo, ambalo mafundi wetu huliita ekzosi. Watu wengi hudhani kazi yake ni kutoa moshi na kupunguza kelele tu. Kwa hiyo kijana akitaka mbio hulikata, na mtaa mzima hukosa usingizi. Lakini katika injini ya mapigo mawili, ekzosi ni sehemu ya injini yenyewe. Ukiikata ovyo umeipunguzia injini nguvu.

Injini ya mapigo mawili ni ipi? Ni ile ambayo pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekwisha. Misumeno ya injini ya wapasua mbao ni ya namna hiyo, na pampu nyingi za mgongoni za kupulizia dawa kwenye kahawa. Hata malori madogo ya kuchezea, yanayoendeshwa kwa redio na kunywa mafuta ya nitro, yana injini hiyo. Leo tutatumia lori hilo kuwa mfano, kwa sababu ekzosi yake waweza kuishika kwa mkono mmoja. Tuseme fundi bati wa Soweto ameletewa lori hilo. Ekzosi imepasuka, na dukani hakuna nyingine. Afanye nini?

Kwanza na ajue mambo yanavyokwenda ndani. Silinda ina mlango wa moshi ubavuni. Pistoni ikishuka, mlango hufunguka na moshi hutoka kwa kishindo. Wakati huohuo mafuta mapya yaliyochanganyika na hewa huingia, na mengine hutoroka pamoja na moshi. Hiyo ni hasara. Lakini kile kishindo husafiri ndani ya bomba kama wimbi. Kikifika mahali bomba linapopanuka, huvuta moshi utoke vizuri. Kikifika mahali bomba linapobanwa tena, sehemu yake hurudi nyuma. Wewe ukiita mtu ng'ambo ya korongo, sauti yako hurudi. Ndivyo ilivyo hapa. Wimbi likirudi kwa wakati wake, husukuma ndani yale mafuta yaliyotoroka kabla mlango haujafungwa. Likichelewa, hukuta mlango umefungwa.

Sasa hesabu. Injini ya lori letu huzunguka mara 30,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata mara 500 kwa sekunde. Mlango wa moshi hukaa wazi karibu nusu ya mzunguko, yaani sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Katika moshi wa moto, wimbi huenda kiasi cha meta 500 kwa sekunde. Basi kwa muda ule mfupi huenda nusu meta, yaani sentimeta 50. Lakini hiyo ni safari ya kwenda na kurudi. Gawanya kwa 2: sentimeta 25. Huo ndio urefu wa kuanzia, na hupimwa kutoka uso wa pistoni hadi katikati ya ile koni inayobana.

Hesabu ndogo kama hii imewahi kugombewa na mataifa. Mhandisi Walter Kaaden wa Ujerumani ya Mashariki aliifuatilia kwa miaka mingi katika kiwanda cha pikipiki cha MZ. Mwaka 1961 injini yake ya sentimeta za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, jambo kubwa sana wakati ule. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akahamia Suzuki ya Japani pamoja na ujuzi huo. Mwaka 1962 Degner alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimeta za ujazo 50. Kaaden alibaki kwao.

Turudi kwa fundi wetu. Asianze na bati. Aanze na karatasi ngumu. Akunje koni mbili, moja ya kupanua na moja ya kubana, na kati yao tumbo la bomba. Tumbo likiwa na kipenyo cha sentimeta 4, bati lake litakuwa na upana wa 4 mara 3.14, yaani sentimeta 12.6 hivi. Karatasi zikikaa sawa ndipo akate bati jembamba, alikunje juu ya kipande cha bomba, kisha achomelee pole pole. Akimaliza azibe upande mmoja, alitie bomba majini na kulipuliza. Povu likionekana, hapo panavuja, na mahali panapovuja wimbi hufa. Kitundu cha mwisho cha kutolea moshi kisiwe chembamba mno, maana joto litabaki ndani na kuiunguza pistoni.

Shingo ya bomba iachwe ndefu kidogo. Bomba refu hutoa nguvu injini ikienda taratibu, jambo jema kwa kupanda mlima. Bomba fupi hutoa nguvu injini ikienda mbio. Fundi akate milimeta 2, ajaribu, akate tena. Bati lililokatwa halirudi.

Jambo la mlima ni kubwa kwetu. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu unapanda kiasi cha meta 1,000, na hewa hupungua karibu sehemu moja katika kumi. Hapo mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, injini inakohoa, na fundi hukaza skurubu ya kabureta kupunguza mafuta. Ni sawa. Hatari ni wakati wa kushuka. Usipoilegeza tena skurubu ile, mafuta yatakuwa machache. Injini itavuma vizuri, hata utaisifu, kisha itanoki, na pistoni imekwisha.

Mafuta ya nitro yenyewe ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Mara nyingi ndani yake yamo ya mbarika, mmea uotao mpaka kando ya njia zetu. Methanoli ni sumu: funda chache hupofusha au huua. Ikiwaka mchana, mwali wake hauonekani vizuri. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda.

Hesabu ya nyumbani: injini ya msumeno huzunguka mara 10,000 kwa dakika. Tafuta urefu wa ekzosi kwa njia ileile. Jibu ni sentimeta 75. Kisha mweleze jirani yako kwa nini msumeno hautengenezwi na ekzosi ya namna hiyo.